Pedali ya breki inayobadilika kila siku: usiikimbilie masta silinda

Msomaji ameuliza hivi:

"Nina pikapu ya zamani ya dizeli, mbele ina diski, nyuma dramu. Pedali ya breki haina msimamo. Asubuhi iko juu na inashika vizuri. Nikipita barabara ya mashimo, nikija kukanyaga inazama karibu nusu. Nikiachia na kukanyaga tena inapanda. Wakati mwingine, hasa ninapoegesha nikienda mbele na nyuma, inakuwa ngumu na gari halitaki kusimama. Fundi amebadilisha masta silinda na kutoa upepo mara mbili. Ikatulia kidogo, kisha ikarudi kule kule, na sasa anataka kubadilisha masta tena. Muuzaji wa vipuri naye ananishauri niweke mafuta ya DOT 5 ili breki ziwe kali. Nifuate lipi?"

Masta, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga, iache kwanza. Katika maelezo yako sioni kitu kinachoishtaki, na ninaona viwili vinavyoitetea: pedali yako asubuhi iko juu, na inabadilika kufuatana na barabara uliyotoka. Masta iliyochoka haijui kama umepita kwenye mashimo au kwenye lami.

Nadhani una magonjwa mawili kwenye gari moja. Pedali inayozama halafu ikapanda kwa mguu wa pili, yaani ukikanyaga tena, inasababishwa na nafasi iliyoongezeka kati ya pedi na diski, au kati ya shuu na dramu. Pedali inayokuwa ngumu huku gari likiendelea kwenda inasababishwa na busta, kile chombo cha duara kinachousaidia mguu wako, kukosa vakyumu, yaani mvuto wa hewa unaokiendesha. Ukiyachanganya haya mawili ukayaita "breki mbovu", utabadilisha vipuri mpaka gari liwe jipya na pedali ibaki ile ile.

Nianze na kuzama, kwa sababu ndiko kulikopoteza fedha zako.

Kila unapokanyaga, masta inasukuma kiasi kidogo sana cha mafuta. Tuseme pistoni ya masta ina kipenyo cha milimita 22 na pistoni ya kalipa, yaani kibano kinachozisukuma pedi kwenye diski, milimita 54. Eneo la pistoni ya kalipa ni kama mara sita ya lile la masta. Sasa chukulia kwamba pistoni ya kalipa moja imerudishwa ndani nusu milimita tu. Ili kuirudisha mahali pake, pistoni ya masta inabidi itembee milimita tatu za bure, na kwa kuwa mkono wa pedali unazidisha mwendo, tuseme mara nne, mguu wako unashuka milimita 12 kabla breki haijaanza kushika. Kalipa zote mbili zikirudi hivyo, ni milimita 24. Hapo hakuna mafuta yaliyovuja wala upepo ulioingia ndani yake, lakini pedali imeshuka kiasi ambacho mguu unakihisi waziwazi.

Ukiachia, masta inavuta mafuta ya nyongeza kutoka kwenye kikopo chake. Mguu wa pili unakuta pistoni za kalipa zimeshasogea karibu na diski, kwa hiyo pedali inapatikana juu. Inabaki hapo mpaka kitu kizisukume tena ndani.

Kitu hicho kwa kawaida ni diski yenyewe. Beringi za habu, yaani za kitovu cha gurudumu, zikilegea, gurudumu linayumba kwenye mashimo na kwenye kona, diski inayumba nalo, na inazipiga pedi kuzirudisha nyuma. Diski iliyopinda inafanya hivyo hivyo hata kwenye barabara nzuri, ila hiyo mara nyingi utaisikia pia ikitikisa pedali au usukani unapopunguza mwendo. Kalipa zilizofungwa moja kwa moja bila kuteleza, zile zenye pistoni pande zote mbili ambazo pikapu nyingi za zamani zinazo, zinaathirika zaidi, kwa sababu diski ikienda upande wowote inakuta pistoni ya kusukuma.

Jaribio la kwanza halihitaji spana. Tafuta sehemu salama isiyo na magari, pita kwenye mashimo kama kawaida yako, na kabla hujahitaji breki gusa pedali kidogo tu, mguso mwepesi ambao haupunguzi mwendo. Achia, kisha kanyaga breki ya kweli. Ikija juu na imara, ujue pistoni zinarudishwa. Rudia kwenye barabara laini bila ule mguso wa kwanza. Ikija juu pia, basi sababu iko kwenye kutikisika.

Hapa sikiliza mguu wako vizuri, maana ndipo mafundi wengi wanapopotea. Pedali yenye nafasi inashuka bila kazi, halafu inagota mahali pagumu. Pedali yenye upepo haigoti. Unasukuma na inaendelea kukubali kidogo kidogo kama godoro la sponji, na hata ukiipampu ikapanda, ule ulaini haupotei wote. Zote mbili zinapanda kwa mguu wa pili, na ndiyo sababu kila pedali inayopanda kwa kupampu inahukumiwa kuwa na upepo. Swali la kujiuliza ni je, mguu wa pili unakuta ugumu au unakuta sponji? Kama ni ugumu, kutoa upepo mara ya tatu na ya nne ni kumwaga mafuta mazuri.

Kisha inua mbele kwa jeki, weka stendi, zuia magurudumu ya nyuma. Shika tairi juu na chini, litikise. Ukisikia linacheza, mwambie mtu akanyage breki huku wewe ukiendelea kutikisa. Mchezo ukipotea breki inapokanyagwa, ni beringi. Ukibaki, uko kwenye boli jointi au kingpini, jambo la kushughulikia pia lakini silo linaloshusha pedali. Fanya pande zote mbili, na usiridhike na upande mmoja kwa sababu tu umepata kosa.

Kama beringi zako ni zile za kukazwa kwa nati, usikaze tu ukaondoka. Zifungue, angalia rangi na mikwaruzo kwenye njia zake, weka grisi mpya, kisha kaza huku unazungusha habu ili zikae, legeza, na ukaze tena kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Beringi iliyokazwa mno itaungua na safari hii utapoteza kitu kikubwa kuliko breki. Baada ya hapo ndipo upime mpindo wa diski kwa kipimo cha saa (kile chenye uso na mshale kama saa), maana ukipima kabla ya kurekebisha beringi unapima beringi. Vitabu vingi huweka kikomo karibu na sehemu ya kumi ya milimita, wakati mwingine chini ya hapo. Kama diski yako inavuka, ichomoe kwanza usafishe kutu kati yake na habu, kisha pima upya kabla ya kwenda kununua nyingine.

Ukiwa umefungua tairi, tazama pedi zenyewe. Kama kalipa zako ni za kuteleza, na pedi ya ndani imekwisha kuliko ya nje, au moja imekwisha kimshazari, pini za kalipa zimeshika na kalipa haitelezi. Hiyo inakupa pedali ya ajabu pia, kwa sababu badala ya kalipa kusogea, inajipinda, na ukiachia inajirudisha na kuiacha nafasi.

Sasa nyuma. Dramu zilizolegea ndiyo sababu inayojulikana zaidi ya pedali ya chini, na kwenye pikapu nyingi za umri huo ile star ya kujibana yenyewe, yaani skrubu yenye meno inayozisogeza shuu karibu na dramu, imeshakufa kwa kutu zamani. Lakini dramu zilizolegea hazichagui barabara. Springi zinavuta shuu kurudi kila unapoachia, kwa hiyo pedali ingekuwa chini kila mara ya kwanza, hata asubuhi. Yako asubuhi iko juu, na hiyo inanifanya niwe na shaka kidogo tu na nyuma. Shaka hiyo unaiondoa hivi: gari limesimama, vuta handbreki alama kadhaa, kisha kanyaga pedali. Ikipanda waziwazi kuliko handbreki ilipokuwa chini, dramu zinahitaji kubanwa. Zibane kwenye star mpaka shuu zianze kugusa, rudisha kidogo gurudumu lizunguke huru, na baada ya hapo ndipo uguse kebo ya handbreki. Wanaoanza na kebo wanapata handbreki fupi na breki ya mguu iliyolegea vile vile. Ukifungua, kumbuka kuwa star ya kushoto na ya kulia kwa kawaida hazibadilishani. Nyuzi zake zinakwenda kinyume, na ukizigeuza kila breki inalegeza badala ya kubana.

Kuna swali moja ningependa umuulize fundi wako: alipotoa upepo, gari lilikuwa limeinuliwa kwa chesisi, ekseli ya nyuma ikining'inia? Pikapu nyingi zina vali ya mzigo, ile yenye rodi iliyounganishwa na ekseli, inayopunguza nguvu ya breki za nyuma gari likiwa tupu ili zisijifunge. Ekseli ikining'inia, vali inadhani gari halina kitu kabisa na inabana njia ya nyuma. Mafuta yanatoka kidogo kidogo, upepo unabaki mle ndani, na baadhi ya vali hizo zina nipo (tundu la kutolea upepo) yake peke yake ambayo hakuna anayeikumbuka. Kutoa upepo kwenye pikapu kunafanywa magurudumu yakiwa chini, au ekseli ikiwa imekalishwa kwenye stendi. Kama mlifanya kwa kuning'iniza, huenda ule utulivu mdogo ulioupata ni nusu ya kazi. Na kama gari limeongezewa majani ya springi au limeinuliwa, rodi hiyo inatakiwa kupangwa upya, vinginevyo nyuma haitafanya kazi yake hata ukipakia.

Ukitaka kuacha kubahatisha kabisa, kuna jaribio la kubana hosi. Pikapu ya ekseli nzima nyuma kwa kawaida ina hosi tatu za mpira: mbili mbele na moja inayoshuka kwenye ekseli. Zibane zote tatu kwa kibano maalumu chenye midomo ya mviringo (si koleo lenye meno, litaikata ndani bila wewe kuona), kisha kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu, masta yako ni nzima na mabomba ya chuma yako sawa. Mjadala wa masta umefungwa. Kisha achia hosi moja moja. Ile ambayo ukiiachia pedali inashuka ndiyo inayokuonyesha gurudumu la kufungua. Ila hosi ikiwa imepasuka-pasuka kwa nje au ni ya nyuzi za chuma, usiibane. Iliyopasuka inahitaji kubadilishwa hata hivyo, na wakati mwingine hosi kuukuu ndiyo inayovimba ukikanyaga na kukupa ule usponji.

Masta inapoharibika kweli ina dalili yake. Kanyaga kwa nguvu ndogo, ushikilie pale pale kama nusu dakika. Pedali ikishuka taratibu mpaka karibu na sakafu na hakuna mafuta yaliyovuja nje, sili za ndani zinapitisha. Nasema nguvu ndogo kwa makusudi: ukikandamiza sana, sili zinajibana ukutani na zinaweza kukudanganya kuwa ni nzima. Kikopo kikiwa kinapungua bila kuona tone popote, legeza masta uangalie nyuma yake; mafuta yanaweza kuwa yanaingia ndani ya busta. Na mkitoa upepo kwenye masta ya zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Sili zikipelekwa kwenye sehemu ya silinda ambayo hazijawahi kufika kwa miaka, zinakutana na kutu na uchafu, na masta iliyokuwa nzima asubuhi inakufa mchana. Masta nyingi zinauawa hivyo halafu zinasingiziwa kwamba "kumbe kweli ilikuwa mbovu".

Ugumu wa pedali ni hadithi nyingine. Injini ya petroli inapata vakyumu ya busta kwenye njia ya hewa ya injini, lakini dizeli haina vakyumu ya kutegemewa hapo, kwa hiyo inawekewa pampu yake. Kwenye pikapu nyingi za zamani pampu hiyo imekaa mgongoni mwa oltaneta na inalainishwa na oili ya injini. Ukiegesha, injini iko kwenye mzunguko wa chini, pampu inazunguka polepole, nawe unakanyaga mara kwa mara. Pampu dhaifu haiwahi kujaza kabla ya mguu unaofuata. Hali uliyoieleza inaingia hapo moja kwa moja.

Zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie kwa mguu kisha washa. Inatakiwa ishuke kidogo yenyewe injini inapoanza kuvuta. Isiposhuka, busta haipati vakyumu au haiwezi kuitumia. Kisha washa injini dakika moja au mbili, zima, subiri dakika chache, kanyaga. Mguu wa kwanza unatakiwa uwe mwepesi, na wa pili pia uwe na msaada kidogo. Ukiwa mgumu tangu wa kwanza, vakyumu inavuja: angalia vali ya njia moja kwenye hosi ya busta, hosi yenyewe mahali inapopinda, na mwisho ngozi ya ndani ya busta. Kama pedali inashika vizuri baada ya kusubiri lakini inachoka kwenye kuegesha, rudi kwenye pampu. Anza na mkanda wa oltaneta, maana ukilegea unaipunguzia kasi pampu pia, halafu kipimo cha vakyumu. Pampu nyingi zenye afya huvuta zaidi ya milimita 500 za zebaki. Ukikuta hosi ya busta imejaa oili, pampu inapitisha, na oili hiyo inaua mpira wa busta.

Kwa kuwa masta yako ni mpya, kuna jambo moja zaidi la kulifikiria kabla hujalaumu vakyumu. Kati ya busta na masta kuna kirodi, na kinatakiwa kiwe na nafasi ndogo sana. Kikiwa kirefu kuliko inavyotakiwa, pistoni ya masta hairudi hadi mwisho, na kitundu kinachorudisha mafuta kwenye kikopo kinabaki kimezibwa. Breki zikipata joto mafuta yanatanuka, hayana pa kwenda, pedali inapanda na kuwa ngumu na magurudumu yanaanza kuburuza. Zikipoa, yote yanapotea na fundi haoni kitu. Fungua kifuniko cha kikopo, mtu akanyage polepole sana: mwanzo kabisa wa mwendo unatakiwa uone mafuta yakitibuka kidogo juu ya kitundu. Usipoona kitu, shuku kirodi. Usiweke uso juu ya kikopo, na yakimwagika kwenye rangi ya gari mwagia maji mara moja. Ukiligundua gari likiwa limeshika barabarani, legeza nati mbili za masta, isogeze mbele kidogo. Magurudumu yakiachia papo hapo, umempata.

Kwa mpangilio, mimi ningeanza na beringi na diski za mbele, kisha handbreki na kubana nyuma, halafu kutoa upepo ekseli ikiwa imekalishwa. Vakyumu na kirodi ni kazi ya siku nyingine, lakini vipimo vyake vifanye mapema kwa kuwa havihitaji kufungua kitu. Pedali ikifika sakafuni na isipande hata kwa kupampu, au kikopo kikipungua, gari lisitoke.

Na DOT 5, hapana. Hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4 iliyomo ndani ya mabomba yako, na haiongezi ukali wowote wa breki. Namba hizo zinahusu hasa joto la kuchemka: DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za selsiasi, DOT 4 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu, na yakishanyonya, viwango vinashuka hadi 140 na 155. Kwa hiyo gari linaloteremka mlima likiwa na mzigo linaweza kupoteza pedali kabisa kwa sababu ya mafuta ya zamani tu, kisha likairudisha likipoa. Weka ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chako, kutoka kwenye kopo ambalo halijafunguliwa, na uibadilishe yote kila baada ya miaka miwili hivi. DOT 5.1 ni kitu kingine, hiyo inachanganyika na DOT 3 na DOT 4, lakini kwa pedali yako haitabadilisha chochote. Ukikuta raba ya kifuniko imevimba na kujikunja, mtu aliwahi kuweka oili ya madini humo, na hapo kila raba kwenye mfumo mzima inatakiwa ibadilishwe, hata zile za masta mpya.